Kalamu ya Beijing na mizani ya uadilifu

Januari 7, 2015, watu 12 waliuawa mjini Paris katika shambulio dhidi ya gazeti la Charlie Hebdo, lililokuwa limechapisha vikaragosi vya kumkejeli Mtume Muhammad (s.a.w.). Magazeti mengi ya Magharibi yaliyatazama mauaji yale kuwa vita dhidi ya uhuru wa habari. China ilikuwa na la kuongeza. Gazeti la Huanqiu Shibao, lililo chini ya gazeti la chama tawala, lililaani mauaji. Shirika la habari la serikali, Xinhua, likaandika kuwa kejeli isiyo na mipaka haikubaliki.

Kauli hiyo ina ukweli ndani yake. Kumtusi Mtume si ushujaa, na kumuua mwandishi si jihadi.

Wachina wana uchungu wao pia. Machi 1, 2014, watu wenye visu waliwaua raia 31 katika stesheni ya treni ya Kunming. Baadhi ya vyombo vya Magharibi viliandika neno ugaidi ndani ya alama za kunukuu, na magazeti ya China yakalalamika kwa haki: damu ya Mchina ni nyepesi kuliko ya Mfaransa?

Lakini mizani ni kwa wote. Novemba 2015, baada ya watu 130 kuuawa Paris, mwandishi wa Kifaransa aliyekuwa Beijing, Ursula Gauthier, aliandika kuwa China inautumia msiba huo kuhalalisha mkono wake mzito juu ya Waislamu wa Uighur, jimboni Xinjiang. Huanqiu Shibao lilimshambulia vikali. Serikali ikamtaka aombe radhi. Alipokataa, kibali chake hakikuhuishwa, akaondoka Desemba 31. Aprili 2017, kanuni za Xinjiang zikapiga marufuku mavazi ya kufunika uso na ndevu zilizoitwa si za kawaida.

Heshima kwa dini iliyodaiwa kwa ajili ya Paris haikumfikia Muislamu wa Xinjiang.

Suratul Hujurat inatuamrisha kuhakiki habari kabla ya kuiamini. Basi tuwafundishe watoto wetu kwamba habari inayotufurahisha ndiyo ya kwanza kuhakikiwa. Anayeitetea heshima yetu ugenini tumshukuru, kisha tumuulize: ndugu zetu walio nyumbani kwako wanaishije?