Shule ya Mama Kevina

Uganda ni nchi jirani ya Kongo, upande wa mashariki. Huko, kwenye barabara itokayo Kampala kwenda Jinja, pana mahali paitwapo Namagunga. Hapo imejengwa shule ya sekondari ya wasichana, nayo yaitwa Mount Saint Mary's, maana yake Mlima wa Maria Mtakatifu. Ilianzishwa mwaka 1942. Lakini mwenye kutaka kujua habari zake asianze na mwaka huo. Aanze miaka 39 nyuma.

Mwezi wa Januari 1903, masista sita wa Mtakatifu Fransisko walifika Nsambya, karibu na Kampala. Walitoka Uingereza. Mmoja wao alikuwa Sista Kevin, mzaliwa wa Ireland, mwenye umri wa miaka 27. Huyu aliyajua mateso tangu utoto. Baba yake alikufa kabla yeye hajazaliwa. Mama yake naye akafa yeye angali msichana mdogo, akalelewa na bibi yake. Watu wa Uganda walimpenda, wakamwita Mama Kevina.

Hospitali hawakuwa nayo. Walitibu wagonjwa chini ya mwembe. Pamoja na kazi hiyo walifundisha watoto.

Labda mtoto atauliza: Mbona hawakufungua shule ya sekondari mara moja? Nyumba haijengwi kuanzia paa. Sekondari yahitaji wasichana waliokwisha kumaliza shule ya msingi. Shule ya msingi yahitaji walimu. Na walimu wanawake watatoka wapi, kama wasichana hawajasoma? Tena baba na mama lazima wakubali.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Msichana alikuwa na kazi nyingi nyumbani: kuchota maji, kutafuta kuni, kulima, kubeba wadogo zake mgongoni. Mzazi aliyemtoa binti yake shuleni hakufanya hivyo kwa ubaya, alimhitaji. Wengine walisema: Huyu ataolewa, na elimu yake itakwenda pamoja naye kwa watu wengine. Mvulana alipelekwa shule kwa sababu serikali ilitaka makarani, na karani alipata mshahara. Faida ya msichana kusoma haikuonekana upesi namna hiyo, ijapokuwa mama ndiye anayewafundisha watoto wake kabla ya mwalimu yeyote.

Mama Kevina hakushindana na wazazi kwa maneno. Alijenga polepole. Mwaka 1923 aliwakusanya wasichana wanane wa huko, wakawa mwanzo wa shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Kazi yao ni kufundisha na kuuguza. Basi watu wakaona kwa macho yao binti wa kijiji akishika chaki mbele ya darasa.

Wasichana wengine walifundishwa uuguzi na ukunga huko Nsambya. Walifundishwa na Daktari Evelyn Connolly, ambaye hakuwa sista. Kulikuwa na sababu. Zamani zile sheria ya Kanisa haikuwaruhusu masista kufanya kazi ya ukunga. Ruhusa ilitoka Roma mwaka 1936 tu, baada ya maombi mengi ya wamisionari walioona akina mama wakifa katika uzazi.

Ndivyo ilivyofika mwaka 1942. Mama Kevina alikuwa na miaka 67, umri ambao wengi wanataka kupumzika. Alianzisha shule ya sekondari. Vita kuu ilikuwa ikiendelea duniani, na haukuwa wakati mwepesi wa kuanza kazi mpya. Hata hivyo alianza.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1945, chuo kikubwa cha Makerere kilichoko Kampala kiliwapokea wanawake kwa mara ya kwanza. Walikuwa sita tu. Hata neno la chuo, lililosema «Tuwe wanaume», likabidi libadilishwe! Msichana aliyemaliza sekondari sasa alikuwa na mlango mbele yake.

Katika Kongo mlango huo ulichelewa. Kabla ya mwaka 1960 wasichana wengi waliosoma walifundishwa hasa kushona, kupika na kutunza nyumba. Kazi hizo ni njema, lakini peke yake hazimfikishi mtu kwenye chuo kikuu. Mkongomani wa kwanza mwanamke kumaliza sekondari, Sophie Kanza, alimaliza mwaka 1961 huko Leopoldville, mji uitwao sasa Kinshasa. Aliingia chuo kikuu cha Lovanium, akapata shahada yake mwaka 1964. Mwaka 1966 akawa waziri.

Mama Kevina alikufa mwaka 1957 huko Marekani, alikokwenda kuomba misaada kwa ajili ya misioni. Alizikwa Ireland. Wakatoliki wa Uganda hawakuridhika. Wakaomba wapewe mwili wake, ukaletwa, ukazikwa Nkokonjeru. Mwaka 2016 Kanisa lilianza kuchunguza maisha yake ili ajulikane kama anastahili kuitwa mtakatifu.

Shule yake bado ipo. Kati ya wasichana waliosoma hapo ni Specioza Wandira Kazibwe. Alitoka Namagunga akaenda Makerere, akawa daktari wa kupasua. Mwaka 1994 alifanywa makamu wa rais wa Uganda, akashika kazi hiyo hadi mwaka 2003.