Mbona kazi ya kocha NFL huning'inia kwenye mkono wa chipukizi mmoja

KLABU ya Houston Texans iliilaza Indianapolis Colts kwa alama 32-31 mnamo Januari 8, 2023, katika mechi ya kufunga msimu wa kawaida wa Ligi ya Taifa ya Kandanda ya Marekani (NFL). Alama za ushindi zilipatikana ikiwa imesalia chini ya dakika moja mechi kukamilika. Kabla ya siku kucha, kocha wa Houston, Lovie Smith, alikuwa amepigwa kalamu.

Kwa mpenzi wa soka hapa nchini, kisa hicho si rahisi kueleweka. Kocha anashinda, kisha anamwaga unga usiku uo huo, na wapo mashabiki wa timu yake wanaonung'unika kwamba ameshinda. Sababu ni kuwa ushindi huo uliitoa Houston katika nafasi ya mwisho ya ligi, na nafasi ya mwisho katika NFL ni mali. Iliwaendea Chicago Bears, ambao walishindwa siku hiyo hiyo. Chicago ndiyo klabu ambayo Smith huyo huyo aliwahi kuifikisha katika fainali ya Super Bowl mwaka wa 2007.

NFL ina klabu 32 na haina utaratibu wa kushusha daraja zinazovurunda. Badala ya kuadhibiwa, timu dhaifu hupewa fursa ya kwanza ya kuteua wachezaji wanaotoka vyuo vikuu. Uteuzi huo, uitwao drafti, hufanywa mwishoni mwa Aprili kwa raundi saba. Aliyeshika mkia huteua wa kwanza, naye bingwa huteua wa mwisho. Zamu hizo zaweza pia kuuzwa na kubadilishwa, hata za miaka ijayo, kama mkulima anayeuza mahindi yangali shambani.

Klabu zinazoshika mkia ndizo pia zinazofuta makocha. Kwa hiyo kila Januari hutokea kwamba timu yenye kiti kitupu cha ukufunzi ndiyo hiyo hiyo yenye zamu ya mapema ya kumchukua chipukizi bora. Mambo haya mawili huamuliwa ndani ya miezi minne, mara nyingi na watu wale wale, na kosa katika moja huharibu jingine.

Chipukizi anayetafutwa zaidi ni kwotabeki. Huyu ndiye anayepokea mpira karibu kila timu yake inaposhambulia, na ndiye anayeamua aurushe kwa nani, ampe nani akimbie nao, au akimbie nao mwenyewe. Ana takriban sekunde tatu hivi. Katika muda huo huwa amezingirwa na majabali ya watu wanaotaka kumwangusha, huku wenzake wakikimbia kwa njia walizozikariri na walinzi wakijaribu kumhadaa kuhusu wanakosimama. Katika raga twaweza kumlinganisha na namba 10, lakini hata mlinganisho huo unapungukiwa. Timu ya raga yaweza kushinda namba 10 akiwa na siku mbaya. Timu ya NFL isiyo na kwotabeki stadi hushinda mechi mbili tatu, kisha ikarudi kwenye mkia.

Fedha nazo zina usemi. Kila klabu huwekewa kikomo cha mishahara. Mwaka wa 2023 kilikuwa dola milioni 224.8. Mwaka huo Joe Burrow wa Cincinnati alitia saini mkataba wa wastani wa dola milioni 55 kwa mwaka, yaani takriban robo ya kiwango hicho kwa mtu mmoja. Chipukizi naye hana ruhusa ya kudai apendavyo. Tangu mkataba wa pamoja wa mwaka wa 2011, mshahara wake hufuata nambari aliyoteuliwa, kwa miaka minne. Aliyeteuliwa wa kwanza mwaka wa 2023 alipata takriban dola milioni 38 kwa miaka yote minne. Klabu inayobahatika kumpata kwotabeki mzuri kwa bei hiyo hubaki na fedha tele za kuwasajili wengine kabla hajadai haki yake.

Hapo ndipo makocha wanapoingia. Mkufunzi anayesakwa na klabu kadhaa hauliizi tu mshahara wake. Huuliza kwotabeki ni nani, timu ina zamu ya ngapi katika drafti, nani ana kauli ya mwisho kuhusu uteuzi, na mmiliki ni mtu wa subira ama wa hasira.

Mmiliki wa Carolina Panthers, David Tepper, aliyeinunua klabu hiyo mwaka wa 2018, hakuwahi kusifiwa kwa subira. Oktoba 2022 alimfuta Matt Rhule baada ya mechi tano za msimu, ilhali mkataba wake wa mwaka wa 2020 ulikuwa wa miaka saba. Mikoba ikakabidhiwa Steve Wilks kwa muda. Wilks alishinda mechi sita na kupoteza sita akiwa na kikosi ambacho watu walikuwa wamekwisha kukizika. Wachezaji walimtaka. Januari 2023 kazi ikapewa Frank Reich, ambaye Indianapolis ilikuwa imemfuta Novemba iliyotangulia.

Wilks ni mweusi, Reich ni mzungu, na jambo hilo halikupita kimya. Wachezaji wengi wa NFL ni weusi, lakini makocha wakuu weusi wamekuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mnamo 2003 ligi iliweka kanuni iliyopewa jina la Dan Rooney, mmiliki wa Pittsburgh Steelers, iliyoilazimu klabu kumhoji angalau mtu mmoja wa jamii za walio wachache kabla ya kumwajiri kocha mkuu. Kanuni hiyo baadaye ilikazwa. Mwaka ule ule wa 2003 rais wa klabu ya Detroit Lions alitozwa faini ya dola 200,000 kwa kumwajiri Steve Mariucci bila kuwahoji wengine inavyotakikana. Lakini kanuni humfikisha mtu kwenye mahojiano, haimpi kazi. Februari 2022 Brian Flores, aliyekuwa amefutwa na Miami Dolphins, aliishtaki ligi na klabu kadhaa, akidai aliitwa kwenye mahojiano ambayo matokeo yake yalikuwa yameamuliwa tayari. Wilks alijiunga na kesi hiyo Aprili mwaka huo.

Carolina, ikiwa na kocha mpya, ilitaka kwotabeki mpya. Zamu yake ilikuwa ya tisa. Machi 2023 ikainunua zamu ya kwanza kutoka kwa Chicago, ile ile ambayo Houston waliipoteza kwa kushinda. Bei ilikuwa ghali: zamu ya tisa, zamu ya raundi ya pili mwaka huo, zamu ya raundi ya kwanza ya 2024, ya raundi ya pili ya 2025, pamoja na D.J. Moore, mpokeaji pasi wao hodari kuliko wote. Yaani walimtafuta mrushaji kwa kumtoa mdakaji. Sijaacha kustaajabia biashara hiyo.

Walibaki kuchagua kati ya vijana wawili: Bryce Young wa Chuo Kikuu cha Alabama na C.J. Stroud wa Ohio State.

Uchunguzi wa chipukizi huanza kwa kanda za mechi. Maskauti hutazama kila pasi, tena si pasi iliyofika tu, bali macho yake yalianzia wapi, miguu ilikaaje, na kama alimwona mlinzi aliyejificha. Ugumu ni kwamba vyuo vikubwa hucheza na timu dhaifu kwa wiki nyingi. Mdakaji huwa peke yake uwanjani kama mlingoti, na hata mimi na wewe huenda tungempata. Ndiyo sababu mechi chache ngumu huwa na uzito kupita nyingine. Stroud alitiliwa shaka kwamba hajui kujinasua mambo yakiharibika. Desemba 31, 2022, katika nusu fainali dhidi ya Georgia, alikimbia, akakwepa, akarusha pasi nne za tachidauni, alama inayofanana na trai katika raga. Timu yake ilishindwa 42-41, lakini waliokuwa na shaka wengi walinyamaza.

Baada ya kanda huja kambi ya majaribio mjini Indianapolis, kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi. Hapo vijana hupimwa urefu, uzani, kasi ya yadi 40 na hata upana wa kiganja. Kipimo hiki cha mwisho huzua mjadala kila mwaka. Kiganja cha Burrow kilipatikana kuwa cha inchi 9 mwaka wa 2020, kikaitwa kidogo. Miaka miwili baadaye alikuwa akicheza Super Bowl. Tom Brady naye alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28 mwaka wa 2000, kasi ya mzee anayewahi matatu. Aliteuliwa wa 199, makwotabeki sita wakiwa wamemtangulia. Hadithi ya Brady hurudiwa mno, na wakati mwingine hupotosha, kwa kuwa kwa kila Brady wapo mamia walioteuliwa mwishoni na wakasahaulika ipasavyo.

Pia kuna mitihani ya akili. Kwa miaka mingi vijana walijibu maswali 50 kwa dakika 12, mtihani ambao ligi iliuacha mwaka wa 2022. Baadhi ya klabu zilianza kutumia mwingine, wa kompyuta, unaopima wepesi wa kutambua na kuamua. Siku chache kabla ya drafti ya 2023 vyombo vya habari viliripoti kwamba Young aliupita kwa kishindo na Stroud akaanguka vibaya. Stroud alijibu kwamba kazi yake ni kucheza, si kufanya mtihani.

Young alikuwa na doa moja lisilofichika. Alikuwa na futi 5 na inchi 10, mfupi na mwembamba kwa kazi hiyo. Lakini alikuwa mshindi wa tuzo ya Heisman ya 2021, mtulivu, mwenye akili pevu. Carolina wakamteua. Houston, waliokuwa na zamu ya pili, wakamchukua Stroud.

Msimu ule Stroud alirusha yadi 4,108, pasi 23 za tachidauni, na tano tu zilizonaswa na wapinzani. Houston walishinda mechi 10, wakaingia mchujo na kuikung'uta Cleveland 45-14. Young aliangushwa mara 62 akiwa na mpira. Carolina walishinda mechi mbili kati ya 17. Reich alifutwa Novemba baada ya mechi 11, na zamu ya kwanza ya 2024 iliyostahili kuwapoza ilikuwa mikononi mwa Chicago, waliomteua Caleb Williams.

Wengi walisema Carolina walimchagua mtu asiye sahihi. Huenda. Lakini ni vyema kutazama walikotua. Houston nao walikuwa wamewafuta makocha wawili weusi, David Culley na Smith, kila mmoja baada ya msimu mmoja. Kisha wakamwajiri DeMeco Ryans, aliyewahi kuichezea klabu hiyo, wakampa mkataba wa miaka sita. Stroud aliingia katika nyumba iliyokuwa inajengwa. Young aliingia katika nyumba iliyokuwa inauzwa vyombo vyake.

Tena Stroud huyo huyo aliporomoka msimu wa 2024. Ukuta uliomlinda ulivunjika, akaangushwa mara 52, pasi zilizonaswa zikafika 12, na msaidizi aliyesimamia mashambulizi, Bobby Slowik, akafutwa. Young, chini ya kocha mpya Dave Canales, alianza msimu huo kwa kuketishwa benchi baada ya mechi mbili tu. Aliporejea Oktoba alikuwa mtu mwingine, na msimu wa 2025 Carolina ilitwaa uongozi wa kundi lake, ingawa kwa ushindi wa mechi 8 dhidi ya vichapo 9.

Kisa cha Sam Darnold chaeleza zaidi kuliko kipimo chochote cha Indianapolis. Aliteuliwa wa tatu mwaka wa 2018 na New York Jets, akaonekana si kitu, akauzwa kwa Carolina 2021, akahamahama. Mwaka wa 2024 akatua Minnesota kwa kocha Kevin O'Connell, aliyewahi kuwa kwotabeki mwenyewe, na timu ikashinda mechi 14. Mkono ulikuwa ule ule.

Kwa maoni yangu, klabu hufanya vibaya zinapomteua chipukizi huku kocha wake akiwa tayari na mguu mmoja kaburini. Chicago walifanya hivyo: Williams aliteuliwa Aprili 2024, kocha Matt Eberflus akafutwa Novemba, na ndipo Januari 2025 akaletwa Ben Johnson. Kijana alipoteza mwaka mzima akijifunza lugha ambayo angeamriwa kuisahau. Tennessee Titans nao walimteua Cam Ward wa kwanza Aprili 2025. Kocha aliyeshiriki kumchagua, Brian Callahan, alifutwa Oktoba 13 mwaka huo, baada ya mechi sita.