Barabara ya Juu Iliyobomolewa ili Mto Uonekane

Familia zilizopata hifadhi katika kambi ya Muhokya baada ya Mto Nyamwamba kufurika mwezi Mei 2020 hazihitaji kufundishwa kwamba mto hausahau njia yake. Huko Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, mto mdogo uitwao Cheonggyecheon ulifunikwa kwa saruji, kisha juu yake ikajengwa barabara ya magari.

Zamani akina mama walifua nguo mtoni humo. Baada ya vita vya 1950 hadi 1953 wakimbizi walijenga vibanda kando yake, maji yakageuka uchafu mtupu, na kuanzia 1958 serikali ikaufunika. Mwaka 1967 ilianza kujengwa barabara ya juu, ikibebwa na nguzo kwa zaidi ya kilomita 5. Msafiri wa Muhokya aliyeiona barabara ya juu ya Clock Tower mjini Kampala, iliyoanza kujengwa 2019, ataielewa fahari ya Wakorea wakati ule. Lakini aliyeishi chini yake alipata moshi, kelele na kivuli.

Katika miaka ya 1990 wahandisi walikuta vyuma vimeliwa na kutu, na magari mazito yakapigwa marufuku. Ikabidi ama kuikarabati kwa gharama kubwa, ama kuiondoa. Lee Myung-bak, aliyechaguliwa kuwa meya mwaka 2002, akaamua iondolewe. Ubomoaji ulianza tarehe 1 Julai 2003, na tarehe 1 Oktoba 2005 wananchi wakafunguliwa mto wao.

Wengi walihofu kwamba mji ungekwama, kwa kuwa magari zaidi ya 160,000 yalipita hapo kila siku. Haikuwa hivyo. Mwaka 2004 mabasi yalipangwa upya na kupewa njia zao katikati ya barabara kuu, na abiria wakayakimbilia.

Hata hivyo maji yale hayatiririki yenyewe. Pampu za umeme huyavuta kutoka Mto Han, nayo ni gharama ya kila siku. Nguzo 3 za barabara ya zamani ziliachwa zimesimama mtoni ziwe kumbukumbu. Wachuuzi waliokuwa wakitafuta riziki chini ya barabara ile walihamishiwa uwanja wa michezo wa Dongdaemun. Baada ya miaka michache uwanja huo nao ukabomolewa, wakafungasha bidhaa zao na kuhama tena.