Fahamu: Wito wa Akina Mama ni nini?

Ni tamko la mwaka 2022 la makundi mawili ya wanawake: Women Wage Peace la Israeli, lenye Wayahudi na Waarabu, na Women of the Sun la Wapalestina. Linawataka viongozi warudi kwenye mazungumzo, na wanawake wawemo.

Chimbuko
Women Wage Peace liliasisiwa baada ya vita vya Gaza vya 2014, na Women of the Sun mwaka 2021.

Kwa nini linatajwa sana?
Oktoba 4, 2023 wanawake wa makundi hayo mawili waliandamana pamoja. Siku tatu baadaye Hamas ilishambulia Israeli. Vivian Silver, mwasisi mwenza wa Women Wage Peace, aliuawa katika shambulio hilo, kwenye kijiji cha Be'eri. Kisha vita vikaikumba Gaza.

Wanapendekeza suluhisho gani?
Tamko halichori mipaka. Huenda ndiyo maana waliweza kulitia saini pamoja.