Mikutano na Ruzuku za Kazi ya Watu Wenye Ulemavu: Mambo Yampasayo Mchungaji Kuyafahamu

Makala hii yakusudia kueleza jambo ambalo masomo yetu ya thiolojia ya kichungaji hulipita kwa haraka, nalo ni mikutano na fedha katika huduma ya watu wenye ulemavu. Huenda msomaji akaona ya kwamba mambo hayo ni ya ofisi ya miradi ya dayosisi, wala si ya mimbari. Lakini hali ya sharika zetu yaonyesha vinginevyo. Kikundi cha viziwi kinapotaka kufungua akaunti ya benki, au chama cha wasioona kinapodaiwa barua ya utambulisho na mfadhili wa mbali, mtu wa kwanza kufuatwa ni mchungaji, kwa sababu muhuri wa usharika huaminiwa. Mialiko ya semina na makongamano nayo hupitia mikononi mwake. Asipoelewa kinachoendelea, aweza kuuacha mwaliko mezani mpaka siku ipite. Au, jambo ambalo ni baya zaidi, aweza kwenda yeye mwenyewe mahali ambapo wenye jambo ndio waliotakiwa.

Yatupasa kuanza na tofauti moja ambayo leo inaamua nani apewe fedha na nani anyimwe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006, ukaanza kutumika tarehe 3 Mei 2008. Kenya iliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Ibara ya 4, kifungu cha 3, yaziagiza nchi wanachama kushauriana na watu wenye ulemavu kupitia vyama vinavyowawakilisha, kila zinapotunga sheria na sera ziwahusuzo. Mwaka 2018 Kamati inayosimamia Mkataba huo ilitoa Maoni ya Jumla Na. 7, ikafafanua kwamba vyama *vya* watu wenye ulemavu ni vile vinavyoongozwa na kuendeshwa na wao wenyewe, na wengi wa wanachama wake wakiwa ni wao. Hivyo si sawa na mashirika yatoayo huduma *kwa ajili ya* watu wenye ulemavu, hata kama huduma hizo ni njema kiasi gani. Shule ya Wasioona ya Irente huko Lushoto na Shule ya Viziwi ya Mwanga ni kazi za Kanisa letu zinazostahili heshima kubwa. Hata hivyo, kwa kipimo hicho, zimo katika kundi la pili. Wako wachungaji waliolichukia jambo hili na kuliona kuwa dharau kwa Kanisa. Mimi naliona kuwa ni maelezo ya kweli tu ya nani ni nani.

Sasa tuitazame mikutano yenyewe. Ule wa kisheria ni Mkutano wa Nchi Wanachama wa Mkataba, ufanyikao New York kila mwaka, kwa kawaida mwezi Juni. Huko serikali hueleza zilivyotekeleza, na vyama vya watu wenye ulemavu hupata nafasi ya kusema. Huko Vienna hufanyika kila mwaka mkutano wa Zero Project, ulioanzishwa na Mfuko wa Essl wa Austria. Huo hukusanya mbinu zilizokwisha kufanikiwa, iwe katika elimu, ajira au usafiri, na mtu aweza kujifunza mengi kwa kusoma tu taarifa zake bila kupanda ndege. Tena uko Mkutano Mkuu wa Dunia kuhusu Ulemavu. Wa kwanza ulifanyika London mwezi Julai 2018, ukiandaliwa na Uingereza, Kenya na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Watu Wenye Ulemavu. Wa pili uliandaliwa na Norwei na Ghana mwezi Februari 2022, na wa tatu ukafanyika Berlin tarehe 2 na 3 Aprili 2025, wenyeji wakiwa Ujerumani na Jordan pamoja na Muungano huo huo. Kwa upande wa makanisa, Baraza la Makanisa Ulimwenguni lina mtandao wake wa utetezi wa watu wenye ulemavu, ulioanzishwa katika mkutano mkuu wa Harare mwaka 1998. Mtandao huo uliratibiwa kwa miaka mingi kutoka Nairobi na Samuel Kabue, Mkenya asiyeona ambaye baadaye alikuwa mjumbe wa ile Kamati ya Umoja wa Mataifa. Kutokana na kazi yake Baraza lilipata tamko la mwaka 2003 juu ya Kanisa la watu wote, na jingine mwaka 2016. Ningependa kila mwanafunzi wa thiolojia ayasome yote mawili kabla ya kubarikiwa.

Mkutano wa Berlin wastahili maelezo zaidi, kwa kuwa lugha yake imeanza kuonekana katika fomu za wafadhili. Tamko lake, liitwalo la Amman na Berlin, liliweka shabaha ya asilimia 15 kwa ajili ya asilimia 15. Asilimia ya pili yatokana na taarifa ya Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia ya mwaka 2011, iliyokadiria kwamba kiasi cha watu 15 katika kila 100 duniani wana ulemavu. (Taarifa ya Shirika la Afya ya mwaka 2022 ilipandisha kadirio hilo hadi 16, yaani watu bilioni 1.3.) Asilimia ya kwanza ndiyo inayoeleweka vibaya. Haisemi kwamba asilimia 15 ya fedha zote za misaada itolewe kwa watu wenye ulemavu. Yasema kwamba angalau asilimia 15 ya programu za maendeleo zinazotekelezwa katika nchi ziwe na ujumuishaji wa watu wenye ulemavu kama mojawapo ya malengo yake. Kwa hiyo mradi wa kisima, wa zahanati au wa mafunzo ya ufundi waweza kuhesabiwa, iwapo tangu mwanzo ulikusudia kuwafikia na hao. Nchi wahisani zina hata namna ya kupima. Tangu mwaka 2018 shirika la OECD limeweka alama ya hiari: 0 kwa mradi usiolenga ulemavu, 1 kwa mradi ambao ulemavu ni lengo mojawapo la maana, na 2 kwa mradi ambao hilo ndilo lengo kuu. Mchungaji anapoulizwa katika fomu jinsi watu wenye ulemavu walivyohusishwa, mara nyingi chanzo cha swali hilo ni alama hii.

Lakini tusijidanganye. Mwaka ule ule wa 2025 ulikuwa mwaka wa kupungua kwa misaada. Mwezi Februari Uingereza ilitangaza kushusha misaada yake ya nje kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo mwaka 2027, na tarehe 1 Julai shirika la misaada la Marekani, USAID, likakoma kuendesha kazi zake. Ahadi za Berlin zilitolewa katikati ya habari hizo. Mtu akisoma tamko peke yake aweza kudhani milango imefunguliwa. Akisoma bajeti peke yake aweza kukata tamaa. Yapasa kusoma yote mawili, kisha kutafuta mifuko midogo iliyo karibu na watu.

Mifuko hiyo ipo. Mfuko wa Abilis wa Finlandi ulianzishwa mwaka 1998 na watu wenye ulemavu wenyewe, akiwamo Kalle Könkkölä, aliyekuwa mbunge wa nchi hiyo akitumia kiti cha magurudumu. Hutoa ruzuku ndogo kwa makundi yanayoendeshwa na watu wenye ulemavu, na makundi ya Tanzania na Uganda yamekuwa miongoni mwa waliofaidika. Mfuko wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ulioanza mwaka 2008 na wenye makao yake Boston, umesaidia vyama vya Uganda na Rwanda katika kazi ya utetezi wa haki, na watu wenye ulemavu wenyewe hushiriki kuamua nani apewe. Shirika la CBM, lililotokana na kazi ya mchungaji Mjerumani Ernst Jakob Christoffel aliyefungua nyumba ya wasioona na yatima huko Malatya mwaka 1908, lafahamika zaidi kwetu kwa sababu ya hospitali na shule. Na nyumbani Tanzania kuna fedha ambazo wengi huzisahau: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri yatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Ni mikopo wala si sadaka, na jambo hilo lielezwe wazi kikundini kabla ya mtu yeyote kutia sahihi. Anayehusika ni Afisa Maendeleo ya Jamii, na mara nyingi ofisi yake iko umbali mfupi kutoka kanisani.

Je, thiolojia yetu yasema nini juu ya nani ashike fedha hizi? Mwanafunzi wa Agano Jipya atakumbuka Matendo 6:1-6. Manung'uniko yaliinuka kwa sababu wajane wa upande wa Wayunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Tumezoea kuihubiri sura hii kama chanzo cha ushemasi, na kuishia hapo. Lakini tuyaangalie majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yote ni ya Kiyunani. Ni kweli kwamba jina peke yake si ushahidi kamili, maana hata Andrea, mmoja wa wale Thenashara, alikuwa na jina la namna hiyo. Hata hivyo, majina saba mfululizo pasipo hata moja la Kiebrania ni vigumu kuyahesabu kuwa bahati tu. Yaonekana kusanyiko halikuchagua watu wenye huruma kutoka upande uliokuwa na nguvu ili wawahurumie waliosahauliwa. Waliosahauliwa ndio waliokabidhiwa meza. Ile tofauti ya Kamati kati ya chama *cha* na shirika *kwa ajili ya* haitugeni sana, ikiwa tumeisoma sura hii kwa makini.

Hata urithi wetu wa Matengenezo una mfano. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig katika Saksonia uliweka sanduku la pamoja kwa ajili ya mchungaji, shule, maskini, wazee na wasiojiweza, na Luther akauandikia utaratibu huo dibaji. Wasimamizi walikuwa kumi, wawili kutoka kwa wakuu wa nchi, wawili wa baraza la mji, watatu wa wenyeji wa mji na watatu wa wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne tofauti, kila kundi likitunza ufunguo wake, hata lisiweze kufunguliwa pasipo makundi yote kuwapo. Mkulima wa Leisnig alikuwa na ufunguo. Katika miradi yetu mingi, mtu mwenye ulemavu ana picha yake kwenye jalada la taarifa, na ufunguo uko kwa mwingine. Nimewahi kupewa nisome andiko la mradi wa wasioona, refu na lenye majedwali mazuri, ambalo hakuna hata mtu mmoja asiyeona aliyekuwa amesomewa kabla ya kutumwa. Ombi la namna hiyo likikataliwa siwezi kumlaumu mfadhili.

Kwa utendaji, basi, kikundi kiwe kwanza na katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba, orodha ya wanachama na akaunti yenye watia sahihi kutoka miongoni mwao. Gharama za mkalimani wa lugha ya alama, msindikizaji wa asiyeona, maandishi ya nukta nundu na usafiri wa mwenye kiti cha magurudumu ziandikwe katika bajeti ya awali, kwa kuwa kuziongeza baadaye ni kazi ngumu. Mwaliko wa mkutano ukifika, usomwe mbele ya kikundi chenyewe, nacho kimchague mjumbe; na ikiwa waandaaji hawakutaja mkalimani au ngazi za ukumbi, waulizwe kwa barua mapema. Mchungaji akialikwa kama kiongozi wa Kanisa, ni vema aende pamoja na mjumbe huyo, wala si badala yake. Tarehe 3 Desemba, ambayo tangu 1992 ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, huangukia karibu na Jumapili ya kwanza ya Majilio, na yafaa kamati ya ibada iipange pamoja na kikundi tangu Oktoba.

Barua ya utambulisho, ambayo ndiyo kazi hasa ya mchungaji katika safari hii yote, iseme tangu lini kikundi kimejulikana usharikani, kinakutana wapi, na viongozi wake ni akina nani. Isiahidi kwamba usharika utasimamia fedha, isipokuwa baraza la wazee limekubali hivyo na kikundi chenyewe kimeomba. Nakala moja itunzwe katika jalada la usharika, na ya pili apewe katibu wa kikundi. Naye kama haoni, asomewe yote kabla ya muhuri kugongwa.