Usiku wa Sikinde na mjomba wa Msondo

Mjomba wangu alikuwa Msondo. Sisemi alipenda bendi ya Msondo. Alikuwa Msondo, kama mtu alivyo Yanga au Simba, kwa namna isiyohitaji sababu. Kwa hiyo Jumamosi ile, mwishoni mwa miaka ya 1990, alipokubali kunisindikiza ukumbi wa DDC Kariakoo kuwasikiliza Sikinde, aliweka masharti mawili. Kiingilio nilipe mimi. Na yeye hachezi, anakwenda kukagua.

Nilikuwa kijana mgeni mjini, kutoka Morogoro. Nyimbo za DDC Mlimani Park Orchestra, ndio hao Sikinde, nilikuwa nimezimeza zote kwenye Redio Tanzania Dar es Salaam, redio ikiwa juu ya kabati na betri zake zikianikwa juani zikichoka. Sauti ya Hassan Rehani Bitchuka, yule waliyempa jina la Super Stereo, ile sauti nyembamba inayopanda bila kukwaruza, niliifahamu kuliko sauti za baadhi ya shangazi zangu. Sura yake sikuwahi kuiona.

Tukafika saa tatu usiku. Nje mishikaki inafuka moshi, ndani viti vitupu, na jukwaani vijana wawili wanahangaika na nyaya. Nikaona nimeliwa.

"Mjomba, dansi halianzi saa tatu," akaniambia huku akiagiza bia. "Saa tatu ni ya wageni."

Kweli. Saa nne na nusu hapakuwa na pa kuchomeka kiti. Wamama wa vitenge vilivyonyooshwa vizuri, wazee wa suruali za mikunjo na viatu vya kung'aa, na mafundi gereji waliooga mara mbili na bado kucha zinawasema.

Bendi ilipoanza, mjomba naye akaanza. Unawaona hao? Wote ni watoto wa nyumba moja. Mwaka 1978 Mlimani Park ilipoundwa, waliochukuliwa walitoka Dar International na Juwata. Na Juwata ni nani? Ni ileile NUTA Jazz ya 1964, ni huohuo Msondo. Muhidin Gurumo alitoka kwetu. Bitchuka alitoka kwetu. Halafu mwaka 1985 tajiri wa Orchestra Safari Sound akawabeba wote wawili, pamoja na Abel Balthazar, wakaenda kupiga mtindo wa Ndekule, ndipo baadaye Bitchuka akarudi hapa. "Sasa wewe unashangilia Sikinde," akamalizia, "Sikinde ni nini? Ni Msondo iliyoazimwa!"

Sikumjibu, maana tarumbeta zilikuwa zimeingia.

Hapa ndipo niseme kilichonikuta. Redioni wimbo ulikuwa na mwisho. Unaanza taratibu, unasimuliwa kisa cha ndoa au cha pesa, linakuja chemko, magitaa yanachanganya, na ukitaka tu kunyanyuka, mtangazaji anakukatia. Pale Kariakoo hapakuwa na mtangazaji. Kisa kilipokwisha kusimuliwa, ndipo kazi ilipoanza. Gitaa la solo likawa linauliza, la pili linajibu, rithim imekaa katikati kama mwenye nyumba, besi inatembea chini kwa chini, na tumba inawasukuma wote. Kila nilipodhani wanafunga, wapulizaji walisimama upya na kiitikio kingine. Wimbo mmoja ulikula bia nzima ya mjomba, na yeye hanywi haraka.

Walipopiga "Neema", utunzi wa Cosmas Chidumule, ambaye baadaye aliokoka akahamia Injili, ukumbi mzima uliimba. Jirani yangu, baba mtu mzima, aliimba akiwa amefumba macho, na sikuona vyema kumtazama.

Kisha Bitchuka akashika kipaza sauti. Nilitegemea sauti ile itakuwa imechoka, au kwamba redio ilikuwa ikiisaidia. Wapi! Redio ndiyo iliyokuwa ikiipunguza. Kilichonishangaza zaidi ni jinsi alivyoitoa bila jasho, amesimama wima kama mtu anayesubiri basi, wala shingo haitoki mishipa. Vijana wa siku hizi wanaoruka jukwaani huku kanda ikiwaimbia wangelipwa waende kumtazama.

Nikageuka kumwambia mjomba. Kiti kitupu.

Nilimwona katikati ya watu, mkono juu, anapenya kuelekea jukwaani. Mkaguzi! Alifika, akatoa noti mfukoni, akamtunza Bitchuka, kisha akarudi akiserebuka kinyumenyume, kwa hatua zile fupi za watu wa zamani, mabega yametulia na kiuno ndicho kinachosema. Alicheza mpaka chemko lilipoisha, na lile halikuwa fupi.

Aliporudi mezani alijifuta jasho, akaniangalia kwa ukali kabla sijafungua mdomo.

"Yule ni wetu, mjomba. Nimemtunza mtu wetu."

Tulitoka saa tisa na ushei. Tulikwenda taratibu tukiufuata Mtaa wa Msimbazi kusubiri daladala za kwanza, yeye akipiga mluzi. Nilivyousikiliza vizuri nikagundua ni wimbo wa Sikinde, tena si wa Bitchuka. Nikanyamaza, ni mkubwa wangu.

Jumamosi iliyofuata alinipeleka kwa Msondo. Kiingilio alilipa yeye.