Gobore la Babu Nalo ni Bunduki

Swali ni lile lile, liwe limetoka Kwaluguru, Korogwe mjini au vijiji vya Kilindi: gobore aliloliacha marehemu babu, nalo linahitaji leseni? Anayeuliza huwa ameshajipa jibu. Gobore si bunduki, ni chombo cha jadi cha mwindaji, limewekwa darini tangu enzi za mkoloni na hakuna askari aliyewahi kulidai. Imani hii imejibiwa na wanasheria, polisi na mahakama, na bado inapeleka watu gerezani. Kwa hiyo jibu leo litatolewa bila kuzungukazunguka: ndiyo, linahitaji leseni, na bila leseni ni kosa zito la jinai.

Tuanze na asili ya imani yenyewe, maana haikuzuka hewani. Wazigua walipata bunduki kutoka Pwani mapema katika karne ya 19, kupitia biashara ya Pangani na Saadani, kabla Washambaa wa milimani hawajazizoea, na silaha hizo zilibadilisha mizani ya nguvu katika ukanda huu wote. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels yakazuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini yakaachia upenyo kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Hapo ndipo gobore lilipoanza kuhesabiwa kama silaha ya daraja la chini. Ila daraja la chini machoni mwa mkoloni, aliyehofia zaidi bunduki iliyoweza kumshinda yeye, halina maana ya kutokuwa silaha. Sheria ya Tanzania ya kudhibiti silaha na risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, haiulizi bunduki ilitengenezwa Ujerumani au kwa mhunzi wa kijijini. Inaangalia kama chombo kinafyatua. Na gobore linafyatua: baruti inashindiliwa kwa mdomo wa mtutu, kinafuata kitambaa, kisha golori au vipande vya nondo, halafu nyundo inaangukia fataki. Vipande hivyo vikiingia tumboni mwa mtu vinasambaa, na daktari wa hospitali ya wilaya ana kazi ngumu kuvitoa kuliko risasi moja. Mtutu wenyewe mara nyingi ni bomba la maji, ambalo halikutengenezwa kuhimili mlipuko. Likipasuka, linaondoka na vidole au jicho la aliyeshika.

Hoja ya urithi ni dhaifu zaidi, na inachosha kuisikia. Hata kama babu alikuwa na kibali halali, kibali kilikuwa chake yeye, kwa jina lake na kwa silaha ile. Leseni ya udereva ya marehemu haimruhusu mjukuu kuendesha lori, na hii ni vivyo hivyo. Daftari la mtendaji wa kijiji si leseni, muhuri wa mwenyekiti si leseni, na kikao cha ukoo kilichogawa mirathi hakina mamlaka hayo. Wengine hukimbilia haki: mbona Mmarekani anamiliki bunduki kwa Katiba? Yeye anategemea rekebisho la mwaka 1791 la Katiba ya nchi yake. Katiba yetu ya 1977 haina kifungu cha namna hiyo. Ibara ya 14 inatambua haki ya kuishi na inaelekeza hifadhi ya uhai huo itoke katika jamii, si katika mtutu wa kila nyumba. Ibara ya 24 inalinda mali, lakini kwa mujibu wa sheria, na sheria ndiyo hiyo ya 2015.

Kuna pingamizi moja linalostahili heshima. Mkulima anasema kituo cha polisi kiko mbali, nguruwe pori wako karibu, na mahindi hayasubiri doria. Ni kweli, na Serikali haijamtendea haki ya kutosha. Lakini gobore linapiga mara moja, kisha linataka kushindiliwa upya gizani, huku kundi zima likiwa bado shambani. Halimlindi kama anavyodhani. Linachofanya kwa uhakika ni kugeuza ugomvi wa mipaka, au wa ng'ombe walioingia shambani, kutoka fimbo na jeraha kuwa msiba. Na linaweza kumgharimu mwenye nalo zaidi ya mavuno yote ya maisha yake, kwa sababu kosa la kulimiliki bila leseni hushtakiwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, ambayo tangu marekebisho ya 2016 inataja kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Mtu anazeekea gerezani kwa bomba la maji.

La kufanya ni haya. Anayehitaji silaha kwa sababu halali aombe. Maombi huanzia kijijini na kupita polisi wa wilaya. Mwenye wanyama waharibifu amwone ofisa wanyamapori wa halmashauri, na kwa tembo na wanyama wengine hatari adai kifuta jasho mapema, kabla ushahidi haujafutika. Mwenye gobore asiliguse wala kulitembeza barabarani, maana huenda limeshindiliwa tangu siku lilipotundikwa. Asiuze, asizike, asimpe shemeji. Atoe taarifa kwanza kwa mtendaji au kituo cha polisi, ikiwezekana akiwa na mwanasheria, wao waje kulichukua. Serikali ilitangaza msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31, 2023, ikaahidi kwamba watakaojitokeza hawatashtakiwa kwa umiliki huo. Tangazo jingine likitoka, lisipite. Lakini kama mtutu uko darini kwako leo, usingoje tangazo: mwone mtendaji wiki hii.